Kabla Akaunti Haijafungwa: Mwongozo Kamili wa Kutumia Wingu Huku Mali Yako Ikibaki Mkononi

Kwa muda sasa napokea swali lile lile kwa sura tofauti. Mmoja amefungiwa akaunti. Mwingine alifuta picha kwenye simu ili apate nafasi, akakuta zimefutika na kule winguni, yaani kwenye kompyuta za kampuni tunazozifikia kwa intaneti. Wa tatu alipakua data zake zote mwaka jana, na leo mafaili hayafunguki. Wote watatu waliamini wana nakala, kumbe hawana.

Siandiki ili uache kutumia wingu. Mimi mwenyewe nalitumia kila siku na sina mpango wa kuliacha. Ninachotaka ni kwamba akaunti yako ikifungwa kesho asubuhi, upoteze mchana mmoja wa kuhangaika, usipoteze miaka 10 ya kazi pamoja na picha za watu uliokwisha kuwazika. Hatua hizi zinafuatana, na ukiruka moja, inayofuata itakuangusha.

## Vitu vya kuandaa

- Diski ngumu za nje 2. Kila moja iwe na nafasi angalau mara mbili ya jumla ya vitu ulivyonavyo winguni. Kama uwezo wa sasa ni wa diski moja, anza nayo, ila soma Hatua ya 6 kabla hujaridhika.
- Kompyuta. Simu peke yake haitoshi. Mafaili makubwa yaliyobanwa (zip) hukwama humo.
- Daftari na kalamu. Kuna mambo katika kazi hii ambayo hayapaswi kukaa kwenye kifaa chochote chenye intaneti.
- Programu ya bure ya kusimba mafaili, yaani kuyafunga kwa nywila ili mwingine asiyasome. Cryptomator na VeraCrypt zote zinafaa.
- Intaneti isiyokatika, na usiku mmoja au zaidi. Piga hesabu kwanza: gigabaiti 100 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ni takribani saa 22 mfululizo.

Flashi sijaiweka, na nimefanya hivyo makusudi. Ni chombo cha kubebea mafaili kutoka hapa hadi pale. Ikiachwa kwenye droo miaka mingi bila umeme, chaji inayoshika data ndani yake huvuja taratibu, na hutajua hadi siku unapoihitaji.

Jambo moja linalowakwamisha wengi hata kabla ya kuanza: mfumo wa mafaili wa diski, yaani namna diski inavyoyapanga. Diski iliyoformatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, hata kama iko tupu. Iformati kwa exFAT, ambayo inasomeka kwenye Windows na Mac. Kumbuka kwamba kuformati kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo fanya hivyo diski ikiwa mpya.

## Hatua ya 1: Andika kila kilichoko winguni

Chora safu 4 kwenye daftari: kitu chenyewe, kiko kwenye huduma gani, unaingiaje, na nakala nyingine iko wapi.

Watu hukumbuka picha na barua pepe, wakaishia hapo. Yanayosahaulika ndiyo yanayouma zaidi: majina na namba za simu, kalenda, maelezo mafupi uliyojiandikia, mazungumzo, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, risiti na mikataba iliyobaki ndani ya barua pepe tu, vitabu vya hesabu vya biashara. Ongeza na akaunti zote ulizofungua kwa kubofya "ingia kwa akaunti ya fulani". Hizo hazina mlango wake. Akaunti mama ikifungwa, nazo zinafungwa siku hiyo hiyo.

Usitegemee kichwa. Shika simu upitie programu moja baada ya nyingine. Kisha fungua barua pepe utafute maneno kama "karibu" na "thibitisha akaunti", kwa lugha zote unazotumia. Utakuta huduma ulizozisahau kabisa.

Utajua umefaulu ukiona safu ya nne karibu yote iko wazi. Usishtuke. Kuijaza hiyo safu ndiyo kazi iliyobaki.

## Hatua ya 2: Pima faida na hatari, kitu kimoja kimoja

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuuliza swali kubwa mno: "Je, wingu ni salama?" Swali hilo halina jibu, kwa sababu picha ya mtoto na filamu uliyopakua hazina uzito sawa.

Kwanza wingu lipewe haki yake. Kampuni kubwa hutunza data kwenye diski zaidi ya moja, kwa hiyo diski yao ikifa wewe huna habari. Simu ikiibiwa leo, unaingia kwenye simu nyingine na majina yako yanarudi yote. Watu 3 walio miji tofauti wanaandika hati moja kwa wakati mmoja. Diski ya nyumbani haifanyi lolote kati ya hayo. Anayekushauri uhamishie kila kitu kwenye diski ya mezani anakutoa kwenye hatari moja na kukuingiza kwenye nyingine, maana diski huanguka, huibiwa, na hufa bila kuaga.

Lakini hatari za wingu ni za aina yake, na wingi wa diski za kampuni haukukingi nazo.

Kufungiwa akaunti. Hii ndiyo ninayoandikiwa zaidi. Mitambo ya ukaguzi huamua kwa sekunde, na binadamu wa kumweleza haonekani. Mwaka 2022 iliripotiwa habari ya baba mmoja wa Marekani aliyempiga picha mwanawe mgonjwa ili daktari aone tatizo. Mtambo wa Google ukaitafsiri picha kuwa ya uhalifu dhidi ya watoto. Polisi walichunguza wakaona hana kosa, lakini akaunti haikurudishwa. Barua pepe, picha za familia na hata namba ya simu vilikwenda pamoja, kwa sababu vyote vilikuwa chini ya akaunti moja.

Huduma kufungwa au kuharibikiwa. Megaupload, huduma ya kutunza na kugawana mafaili, ilipofungwa na mamlaka za Marekani Januari 2012, waliokuwa na mafaili halali humo waliyakosa sawa na wenye mafaili ya wizi. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa Myspace ulikiri kwamba muziki uliopakiwa zaidi ya miaka 3 nyuma ulikuwa umepotea wakati wa kuhamisha seva, yaani kompyuta zinazotunza data. Kuna wanamuziki ambao nakala yao pekee ilikuwa pale.

Kosa la mwenye seva. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulijikuta mfumo wake kwenye Google Cloud, huduma ya wingu ya Google, umefutwa kwa sababu ya mpangilio uliokosewa. Kwa taarifa waliyoitoa pamoja na Google, walikuwa na nakala katika eneo la pili, nayo ikafutwa, maana iko chini ya mkataba ule ule. Kati ya vilivyowasaidia kuinuka tena ni nakala walizoziweka pia kwa mtoa huduma mwingine. Shika kisa hiki, nitakirudia.

Masharti kubadilika. Google Photos ilikuwa ikipokea picha bila kikomo hadi Juni 1, 2021. Tangu siku hiyo picha mpya zinahesabiwa kwenye gigabaiti 15 za bure, pamoja na barua pepe. Akaunti binafsi ya Google isiyotumika kwa miaka 2 sasa inaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Aliyefariki, aliyelazwa au aliyefungwa jela haingii kwenye akaunti.

Kusomwa na wengine. Huduma nyingi husimba data yako, ila funguo wanazo wao. Kwa hiyo wanaweza kuifungua, na anayewaamuru kisheria anaweza pia.

Sasa rudi kwenye daftari. Kwa kila mstari jiulize mambo 3, uweke herufi pembeni:

- Kikipotea, kinaweza kupatikana popote tena? Kama hapana, andika P, yaani cha pekee.
- Nikikikosa siku 3, kazi au maisha yanasimama? Kama ndiyo, andika H, cha haraka.
- Mtu mwingine akikisoma, naumia au namuumiza mtu? Kama ndiyo, andika F, cha faragha.

Cha P kinahitaji nakala 2 nje ya huduma kilipo sasa. Cha H kinahitaji nakala inayofunguka bila intaneti. Cha F kisimbwe kabla hakijapanda winguni. Kisicho na herufi kiachie wingu kwa amani, na kikipotea usijute.

Kosa la hapa ni kuandika P kila mahali. Ukifanya hivyo utachoka kabla ya Hatua ya 4. Nyimbo na filamu zinapatikana tena. Sauti ya marehemu bibi kwenye ujumbe wa simu haipatikani tena.

Utajua umefaulu ikiwa vya P havizidi theluthi ya orodha na unaweza kueleza kila kimoja kwa sentensi moja.

## Hatua ya 3: Imarisha mlango wa akaunti kwanza

Usipakue chochote bado. Ukianza kuhamisha data huku mlango uko wazi, aliye na nywila yako anaweza kukutangulia. Mwaka 2014 kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikitunza programu zilizoandikwa na wateja wake, iliingiliwa kwenye paneli yake ya huduma ya wingu ya Amazon. Mwizi alifuta data pamoja na nakala zake, kwa sababu zote zilifunguliwa na ufunguo mmoja. Kampuni ikafunga shughuli.

Fanya haya kwa kila akaunti yenye kitu cha P au H:

1. Weka nywila ndefu ambayo huitumii mahali pengine popote.
2. Washa uthibitisho wa hatua 2, yaani kuombwa namba ya ziada baada ya nywila, na utumie programu ya kuzalisha namba badala ya ujumbe mfupi wa simu. Laini ya simu inaweza kuhamishwa na tapeli aliyemshawishi mhudumu wa mtandao, na namba zako za uthibitisho zikaanza kwenda kwake.
3. Omba namba za dharura za kurejesha akaunti, uzinakili kwa mkono kwenye daftari.
4. Futa namba za simu na barua pepe za zamani zilizobaki kwenye mipangilio ya kurejesha akaunti.

Sasa kuna mtego mmoja nataka utulie uuangalie vizuri, kwa sababu nimeuona ukiwanasa watu makini kabisa. Naujua kama duara la funguo.

Barua pepe ya kwanza inarejeshwa kupitia ya pili. Ya pili inarejeshwa kupitia ya kwanza. Nywila zote mbili ziko kwenye kitunza nywila, yaani programu inayokuhifadhia nywila, na kitunza nywila kinafunguliwa kwa namba kutoka kwenye simu. Namba hizo zina nakala yake ndani ya akaunti ya kwanza. Simu ikidumbukia majini, kila mlango unakuelekeza kwenye mlango mwingine uliofungwa.

Lichore kwenye karatasi. Weka kila akaunti kama duara, na mshale kuelekea kile kinachoifungua. Fuata mishale kwa kidole. Mishale yote lazima iishie kwenye kitu kinachoshikika: karatasi yenye namba za dharura au ufunguo wa kuchomeka, yaani kifaa kidogo cha USB cha kuingilia akaunti. Kama kidole kinazunguka tu, umenasa.

Utajua umefaulu ukiweza kuingia kwenye akaunti yako kuu kwa kompyuta ngeni, simu yako ikiwa imezimwa, ukitumia daftari peke yake. Jaribu kweli, kisha toka kwenye kompyuta hiyo na ukate namba uliyoitumia, maana haifanyi kazi mara ya pili.

## Hatua ya 4: Pakua nakala kamili

Hii ndiyo hatua yenye makaburi mengi.

Anza kwa kutenganisha maneno mawili. Kusawazisha na kuhifadhi nakala ni mambo tofauti kabisa. Folda inayosawazishwa ni kioo: ukifuta huku, kunafutika na kule. Programu mbaya ikisimba mafaili ya kompyuta yako, yaliyosimbwa yanapanda kuchukua nafasi ya mazima. Pipa la taka la Google Drive hushika kitu kwa siku 30 tu, na wengi hugundua kasoro baada ya miezi. Nakala ya kweli ni ile isiyojua umefuta nini.

Kwa hiyo usinakili folda ya usawazishaji na kuliita jambo limekwisha. Nenda kwenye ukurasa wa kampuni wa kutoa data zako. Google wanauita Takeout. Apple wameuweka kwenye privacy.apple.com. Huduma nyingi zinao, hutafutwa kwenye mipangilio ya akaunti chini ya faragha au data. Utachagua unachotaka, utaomba, na utangoja. Kungoja kwenyewe kunaweza kuchukua saa au siku kadhaa.

Pakua vipande vyote. Data hukatwa vipande. Ukiletewa viungo 9 vya kupakulia, ukapakua 8, hakuna atakayekuambia. Kabla ya kubofya cha kwanza, andika idadi kwenye daftari, na uweke alama kila kimoja kinapoisha.

Angalia muda wa viungo. Vya Takeout hufa baada ya takribani wiki moja. Kama intaneti yako ni ndogo, omba picha peke yake wiki hii, barua pepe wiki ijayo. Chagua vipande vidogo. Kipande cha gigabaiti 50 kikikatika njiani kinauma kuliko cha gigabaiti 2.

Hati zilizoandikwa winguni hazina faili. Jamaa yangu mmoja alifungiwa akaunti, akanijia na tabasamu kwamba hati zake zote ziko kwenye kompyuta. Na kweli, folda ilikuwa na majina yote: mikataba, barua, mswada wa kitabu. Nikatazama ukubwa wake. Kilobaiti 1. Kilobaiti 1. Kilobaiti 1, hadi chini. Tukabofya mswada. Kivinjari kikafunguka na kuomba nywila ya akaunti ile ile iliyofungwa. Zile hazikuwa hati, zilikuwa anwani za mahali hati zilipo. Sijasahau alivyonyamaza.

Kwa hiyo kila hati iliyoandikwa ndani ya huduma ya wingu itolewe kuwa docx, odt au PDF. Takeout huigeuza hivyo yenyewe. Ukinakili folda tu, haigeuki.

Picha kwenye simu zinaweza kuwa kivuli. Simu nyingi zina mpangilio wa kuokoa nafasi: picha kubwa inabaki winguni, simu inashika ndogo. Uzime mpangilio huo, au pakua kutoka kwenye wingu moja kwa moja. Fungua picha moja na utazame ukubwa wake. Picha ya kamera ya kisasa ikionyesha kilobaiti 80, umeshika kivuli.

Tarehe za picha. Picha za Takeout huja na mafaili madogo ya JSON pembeni yenye tarehe na maelezo. Wengi huyafuta wakidhani ni takataka, kisha picha za miaka 15 zinajipanga kana kwamba zilipigwa leo. Yaache pale pale.

Mazungumzo. Nakala ya WhatsApp iliyoko winguni haifunguki kama faili la kawaida. Inarudi ndani ya WhatsApp tu, kwa namba yako. Mazungumzo yenye herufi P yatoe moja moja kwa kuyahamisha kama maandishi pamoja na picha zake. Na kama uliwasha usimbaji wa nakala hiyo, andika nywila yake kwenye daftari. Ikipotea, hata kampuni haiwezi kukusaidia.

Utajua umefaulu pale idadi ya vipande kwenye diski ikilingana na uliyoandika, na kila mstari wa P na H una faili lake.

## Hatua ya 5: Fungua uone

Nakala ambayo hujaifungua ni matumaini tu.

Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandika programu, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Walikuwa na njia 5 za kutunza nakala. Walipozigeukia, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Waliokolewa na nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Hao ni wataalamu, na kazi yao ni hiyo.

Wewe fanya hivi. Chomoa intaneti. Fungua vipande vilivyobanwa, vyote, si cha kwanza tu. Kisha fungua picha ya zamani kabisa, ya katikati, na ya wiki hii. Cheza video moja hadi mwisho. Fungua hati 5 na usogee hadi ukurasa wa mwisho. Linganisha idadi ya picha kwenye diski na ile iliyoonyeshwa winguni. Tofauti ndogo ni ya kawaida, tofauti ya maelfu ni dalili kwamba kipande kimekosekana.

Utajua umefaulu ukimwonyesha mtu wa nyumbani picha aliyoiomba yeye, kutoka kwenye diski, intaneti ikiwa imezimwa.

## Hatua ya 6: Tenganisha nakala

Wapiga picha na mafundi wa kompyuta wana kanuni wanayoiita 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, moja ikiwa mbali na nyingine. Kwa mtu wa kawaida ni hivi: ile ya wingu, diski ya nyumbani, na diski ya pili kwa ndugu unayemwamini.

Umbali una sababu. Machi 10, 2021, jengo la seva la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua usiku. Kuna wateja waliokuwa na nakala kabisa, ila ilikuwa eneo hilo hilo, ikaungua pamoja. Nyumba yako nayo ni jengo moja.

UniSuper wanatufundisha upande wa pili: umbali wa kilomita hautoshi kama mwenye ufunguo ni yule yule. Folda 2 ndani ya akaunti moja ni nakala moja. Akaunti 2 za kampuni moja kwa simu moja ni nakala moja na nusu. Ukitaka wingu la pili badala ya diski ya pili, liwe la kampuni nyingine, kwa nywila nyingine na barua pepe nyingine.

Diski ikishanakiliwa, ichomoe. Inayokaa imechomekwa siku zote itasimbwa na programu mbaya pamoja na kompyuta.

Utajua umefaulu ukiweza kunyoosha kidole na kusema: moto hapa hauifikii ile, na kufungiwa kule hakuzigusi hizi.

## Hatua ya 7: Simba vya faragha

Sasa shughulikia vya F: hati za kitambulisho, majibu ya hospitali, taarifa za wateja. Tengeneza kuba, yaani folda iliyosimbwa kwa nywila, ndani ya Cryptomator, hamishia vitu humo, halafu lipandishe winguni kuba lenyewe. Kampuni itaona mafaili yenye majina yasiyosomeka. Diski unayompelekea ndugu isimbe yote kwa VeraCrypt, maana inaweza kuibiwa kwake pia.

Nywila ya kuba iandikwe kwenye daftari siku hiyo hiyo, kabla hujaweka kitu ndani. Hakuna kitufe cha "nimesahau". Nawasihi mnaosoma haraka: someni sentensi hiyo tena.

Baada ya kuhakikisha kuba linafunguka, futa nakala ya wazi iliyobaki winguni, na usafishe pipa la taka.

## Hatua ya 8: Ishi siku moja bila wingu

Chagua siku ya mapumziko. Toka kwenye akaunti yako kuu katika simu na kompyuta, kisha jaribu kuishi. Mpigie mtu simu: je, namba yake iko wapi? Fungua hati ya kazi ya kesho. Tafuta risiti ya mwezi uliopita. Ingia benki.

Siku hii inafichua yale ambayo orodha haikuyaona. Mara yangu ya kwanza niligundua kwamba namba ya mama yangu mzazi siijui kwa kichwa, na haikuwa imeandikwa popote nje ya akaunti. Data zangu za kazi zilikuwa salama kabisa, na mama nisingempata.

Kabla hujatoka kwenye akaunti, hakikisha Hatua ya 3 imekamilika, usije ukajifungia nje kwa mkono wako.

Utajua umefaulu ikiwa jioni una orodha fupi ya mapengo, na hakuna hata moja lililo na herufi P.

## Hatua ya 9: Rudia, na mwachie mtu njia

Mara moja kwa mwezi, nusu saa: nakili vipya vya P kwenye diski ya nyumbani. Kila miezi 3: badilishana diski na ile iliyo kwa ndugu, na ufungue mafaili machache. Mara moja kwa mwaka: omba nakala kamili upya, na upitie daftari lote. Diski ikianza kutoa mlio wa kugonga au ikichelewa kuonekana, usiibembeleze. Nunua nyingine wiki hiyo.

Mwisho, panga kwa ajili ya siku ambayo wewe hutakuwepo. Google wana mpangilio wa kumkabidhi mtu data akaunti ikikaa kimya muda unaouchagua, na Apple wanakuruhusu kumteua mrithi wa akaunti. Viwashe. Kisha chukua bahasha, weka humo karatasi ya namba za dharura, nywila ya kuba, na mistari michache inayoeleza diski ziko wapi na picha ziko kwenye folda gani, kwa maneno ambayo mtu asiyejua kompyuta ataelewa. Ifunge, uikabidhi kwa unayemwamini kwa mkono wako. Juu yake andika tarehe ya mara ya mwisho ulipozifungua diski, na kila unapozifungua tena, mpigie simu aikate ile na kuandika mpya.